Mnakuja wangapi? Kibali cha kupiga picha za harusi kwenye ardhi ya umma, Washington

Simu huwa inakuja Jumatano usiku, watoto wakishalala. "Dada, harusi ni Jumamosi. Tunataka picha pale kwenye maji, penye lile jumba jeupe la mviringo." Hapo ni Tidal Basin, na jumba ni Jefferson Memorial. Wateja wangu wengi wanadhani nitaanza na bei. Mimi nauliza: mnakuja wangapi?

Kimya kidogo. "Aah, sisi tu. Familia."

Familia! Kwa Mtanga kama mimi, kwa Mkongomani wa Bukavu, kwa Mluhya wa Kakamega, neno hilo linaanzia watu kumi na tano na halina mwisho. Na sheria ya ardhi ya umma ya Marekani, siku hizi, shida yake kubwa na sisi ni hiyo hiyo: inahesabu vichwa.

Nilijifunzia kazi hii Ngamiani, studio ya baba mdogo, ambako mandhari yote ya dunia ilikuwa pazia moja lililochorwa maporomoko ya maji na ndege wawili wekundu. Ukitaka kubadilisha mahali, unasogeza kigoda. Hapa Maryland pazia langu ni nyasi za serikali, nguzo za serikali na miti ya serikali, na kila kipande kina mwenyewe wake. Haya ninayoandika ni ya mpiga picha mwenzangu anayeanza, na ya bibi harusi anayetaka kujua kwa nini namsumbua na maswali.

Ujue kwanza umesimama kwa nani

Kosa la wengi ni kusema "pale Mall", yaani National Mall, ule uwanja mrefu wa nyasi katikati ya mji, kana kwamba ni sehemu moja. Nyasi za National Mall, Lincoln Memorial, Jefferson Memorial, Washington Monument na njia ya kuzunguka Tidal Basin ziko chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa, wale wenye kofia pana za rangi ya udongo. Ukivuka kuingia kwenye makumbusho yaliyojipanga pembeni, na bustani zake, umeingia kwa Smithsonian, taasisi inayoyaendesha, na Smithsonian wana masharti yao. Ndani ya majumba yao stendi ya kamera hairuhusiwi kwa mgeni wa kawaida. Ukienda mashariki hadi kwenye kuba la Bunge, hapo ruhusa unaomba kwa polisi wa Bunge wenyewe. Barabara na njia za miguu za mjini ni za jiji, ambalo lina ofisi yake ya filamu, nayo utaihitaji ukitaka kuzuia njia au kuhodhi sehemu ya kuegesha magari. Makaburi ya Arlington ni ya Jeshi, na kwa kweli usipeleke shela ya bibi harusi katikati ya makaburi ya watu. Pentagon, makao makuu ya jeshi, usinyanyue kamera kabisa, isipokuwa kwenye kumbukumbu ya waliokufa pale nje.

Hatua ishirini tu zinaweza kukutoa kwa mwenye nyumba mmoja zikakuingiza kwa mwingine. Mimi nina ramani nimeichapisha, nimeipaka rangi kwa kalamu: kijani Hifadhi, njano Smithsonian, nyekundu Bunge. Mume wangu ananicheka, lakini ile karatasi imeniokoa mara nyingi kuliko lenzi yangu ya bei mbaya.

Na bustani za jimbo la Maryland au Virginia, au za kaunti, hazimo kabisa katika haya ninayoeleza chini. Zile zina vibali vyake na bei zake. Usimsomee mlinzi wa jimbo sheria ya taifa, atakusikiliza tu kisha akutoe.

Sheria ya Januari 2025

Kwa robo karne tulikuwa tukifuata sheria ya mwaka 2000. Ilikuwa na kichekesho chake. Mpiga picha mnato hakuhitaji kibali mpaka alete wanamitindo na mapambo, au aingie palipofungwa. Lakini mtu wa video, hata awe peke yake na simu mkononi, akishakusudia kupata pesa kwenye hiyo video alitakiwa kuomba kibali na kulipa. Kwa hiyo mimi na kijana wangu wa video tunasimama bega kwa bega, tunapiga harusi ile ile, mimi halali, yeye mhalifu. Mtengenezaji filamu mmoja, Gordon Price, aliandikiwa kosa kwa kurekodi bila kibali kwenye uwanja wa vita wa kale wa Yorktown, Virginia, akaenda mahakamani. Mwaka 2021 jaji wa Washington alimpa ushindi. Agosti 2022 mahakama ya rufaa ikaugeuza.

Kisha tarehe 4 Januari 2025 Rais Biden alitia saini sheria iitwayo EXPLORE, na ndani yake kuna kifungu chetu. Hakikuangalia tena kama unalipwa au hulipwi, wala kama ni picha, video au sauti. Kinaangalia unafanya nini pale. Kwa upande wa Idara ya Hifadhi, kwa kawaida hutakiwi kibali wala ada kama:

- mko watu wanane au chini ya hapo;
- mko mahali palipo wazi kwa umma, saa za wazi;
- vifaa vyenu vyote vinabebeka mikononi;
- hamhitaji kufungiwa eneo liwe lenu peke yenu;
- hamharibu kitu na hamwasumbui wageni wengine;
- mnafuata kanuni nyingine za hapo;
- hamwaongezei wao kazi ya kuwasimamia.

Sharti moja likikosekana, rudi kwenye fomu.

Wengi wanasoma la kwanza tu wakashangilia. Mimi nakwambia linalowaangusha watu ni la pili na la tatu. La tatu kwa sababu kuna mtu anakuja na tao la maua la kukokotwa kwenye kitoroli. La pili kwa sababu palipo wazi leo si lazima pawe wazi kesho. Mwaka 2024 walianza kujenga upya ukuta wa Tidal Basin upande wa Jefferson Memorial. Walikata hata baadhi ya micheri, ile miti maarufu ya maua ya cheri, pamoja na kale kazee kalikobaki gome tupu ambako watu walikaita Stumpy na kukaletea maua. Ukimwahidi bibi harusi kona fulani kwa picha uliyopiga miaka mitatu iliyopita, utafika ukute uzio wa waya. Nenda kaangalie wiki ile ile. Kwa miguu.

Kuhesabu vichwa

Sasa hesabu. Mimi nahesabu kila aliyekuja kwa ajili ya picha: bibi na bwana harusi wawili, best man na matroni wanne, mimi watano, kijana wa video sita. Zimebaki nafasi mbili. Ya saba ni ya yule mwenye kushika shela na kufuta jasho, na huyu asiachwe hata kidogo, bora umwache best man. Ya nane ni ya mama mmoja. Mchague mapema nani, maana ukifika pale ukaanza kuchagua kati ya mama mzazi na mama mkwe, hakuna sheria ya Marekani itakayokuokoa.

Kuna siku niliambiwa "tuko saba". Sehemu yenyewe siitaji. Nikafika saa kumi na moja jioni, mwanga umelainika kama samli, nikaona magari matatu yanapaki, na nyuma yake basi dogo. Wakashuka watu kumi na tisa. Wote sare: kitenge cha njano chenye tausi, akina mama na vilemba, akina baba na mashati, na mtoto wa miaka miwili naye kashonewa. Nikasema moyoni, leo. Nikawapanga wanane mbele, wale kumi na mmoja nikawaomba wakae kwenye benchi kama hawatujui. Haikupita dakika kumi, mlinzi akaja. Mpole, kijana wa kiume, ananyoosha kidole akihesabu kimyakimya. Akaniuliza hao wa benchi ni nani. Nikamwambia ni wageni wengine tu, wamekuja kutembea.

Akatazama benchi. Akatazama bibi harusi. Akasema, "Na wote wamevaa nguo moja?"

Mama mmoja wa kwenye benchi, bila kujua kinachoendelea, akapiga kigelegele.

Basi tulimaliza na watu wanne, wengine wakarudishwa kwenye basi, na ule mwanga wa samli ulikuwa umekwenda zake. Sikuandikiwa faini. Lakini nilimdanganya mtu aliyekuwa anafanya kazi yake, na picha za familia nilikwenda kuzipiga kwenye maegesho ya ukumbi, nyuma pipa la taka. Bibi harusi yule hajanisamehe mpaka leo, na mimi namwona ana haki.

Tangu hapo naandika kwenye mkataba: idadi ya watu ni hii, na wa ziada anasubiri ukumbini. Picha ya ukoo mzima tunaipiga ukumbini au nyumbani kwa watu, ambako hata tarumbeta linaruhusiwa. Mkitaka ukoo mzima mbele ya Lincoln, tunaomba kibali. Hakuna njia ya tatu.

Sherehe ni kitu kimoja, picha zake ni kingine

Hapa panachanganya. Kifungu kile kipya kinataja waziwazi harusi, sherehe ya uchumba, mkutano wa ukoo na sherehe ya mhitimu: kama shughuli yenyewe imeruhusiwa pale, mpiga picha anayeirekodi haombi kibali chake cha pili, hata kama analipwa. Lakini shughuli yenyewe lazima iwe imeruhusiwa. Kufunga ndoa kwenye nyasi za Mall, viti vikapangwa, shehe au mchungaji akasimama, kunahitaji kibali cha shughuli maalumu. Wengi hupenda ile kumbukumbu ndogo ya nguzo, DC War Memorial, iliyojificha kwenye miti. Pazuri sana, na watu wanapawahi.

Kwa hiyo muulize mteja swali la pili: kuna atakayesema kiapo pale, au ni picha tu? Akikujibu "mchungaji atatuombea kidogo tu", ujue maombi ya wachungaji wetu hayana kidogo. Omba kibali.

Palipokatazwa hata mkiwa wawili

Ndani ya chumba cha Lincoln ilipokaa sanamu ya yule mzee, na kuanzia zile ngazi nyeupe za marumaru kwenda juu, si mahali pa kikao cha picha, Jefferson vilevile. Hapo mgeni anapiga picha yake na simu kama mgeni mwingine, lakini wewe na stendi, taa na shela mnabaki chini. Ndani ya Washington Monument hapana. Kwenye ukuta wa waliokufa Vietnam usithubutu. Kuna watu pale wanagusa jina la kaka yao.

Uzuri ni kwamba picha bora ya Lincoln inapigwa kutoka chini. Nenda alfajiri, ukae upande wa bwawa refu, jua litoke nyuma yako liwapige usoni wale wawili na nguzo zote kwa pamoja. Saa kumi na mbili asubuhi hakuna mtu isipokuwa wakimbiaji. Bibi harusi atanuna kwa kuamshwa usiku. Atafurahi siku ya albamu.

Micheri: ile ya mwanzo ilikuja kutoka Tokyo mwaka 1912, miti 3,020, na huchanua mwishoni mwa Machi au mwanzo wa Aprili, siku chache tu. Usimpandishe mtoto juu ya tawi. Usivute tawi lishuke liguse kilemba. Usitikise maua yamwagike kama theluji, nimewaona wanaofanya hivyo na nimeona aibu kwa niaba yao. Moshi wa rangi, mchele, karatasi za kung'aa, yote acha nyumbani. Mimi narushia khanga hewani, ikianguka tunaiokota.

Na jambo moja dogo: kuzunguka Mall ukiwavizia watalii uwauzie picha papo hapo ni uchuuzi, na kuna kanuni tofauti inayoukataza bila kibali. Mpwa wangu alikuja na wazo hilo. Nilimpa uma wa nyama choma akasimamie jiko.

Mkizidi wanane

Kuna fomu mbili za Idara ya Hifadhi kwa kazi za picha na video: 10-931 ni ya kazi ndogo, 10-932 ni ndefu, ya kazi kubwa. Kila hifadhi ina ofisi yake ya vibali, na kibali cha Mall hakikusaidii Shenandoah, hifadhi ya milimani kule Virginia. Andika tarehe, saa ya kufika na ya kuondoka, sehemu hasa (chora ramani, wanapenda ramani), idadi ya watu, orodha ya vifaa mpaka reflekta, na mahali magari yatakapokaa. Usiandike "watu 20 hivi". Andika 24 na uje na 22.

Kuna ada ya maombi, inategemea hifadhi na hairudishwi. Kuna gharama ya usimamizi ikiwa watamweka mtu wao awe nanyi. Na kuna ada ya mahali: kwa viwango vilivyotumika miaka mingi, picha mnato ni dola 50 kwa siku kwa watu 1 hadi 10, dola 150 kwa 11 hadi 30, dola 250 wakizidi hapo, video huanzia dola 150 kwa kikundi cha hadi watu 10, na dola 250 kwa 11 hadi 30. Hizi mweleze mteja mapema na uziandike kando na malipo yako, kwenye mstari wake, la sivyo kamati itakwambia umepandisha bei.

Wanaweza kutaka bima ya madhara kwa watu wengine, mara nyingi ya dola milioni moja, na cheti kiitaje Serikali ya Marekani kama mwenye kulindwa pia. Usiogope hiyo milioni. Ndicho kiasi cha kulindwa, si unacholipa. Kampuni za bima huuza hata ya siku moja.

Anza miezi mitatu kabla. Najua, kamati zetu mwezi mmoja kabla bado zinabishana rangi ya sare. Wewe anza.

Ukipewa kibali, kisome. Kichapishe, kiwe mfukoni siku hiyo. Sisi tuliozoea barua ya mtendaji yenye muhuri tunadhani karatasi ikishatoka imemaliza kila kitu. Hapa ndani ya karatasi kuna masharti hadi ya muda wa kuondoka, na mlinzi anayajua.

Shenandoah, na droni

Wateja wa Virginia wanapenda milima. Shenandoah hesabu ni ile ile ya wanane, ila unalipa kiingilio cha gari kama kila mtu. Msamaha wa kibali si msamaha wa geti. Karibu asilimia 40 ya hifadhi ile ni nyika iliyolindwa kisheria, ambako injini za aina yoyote hazitakiwi na masharti ya ziada yanaweza kukukuta. Baki kwenye vituo vya kutazamia kando ya Skyline Drive, maili 105 zimejaa mandhari, huhitaji kuingia msituni na viatu vya mchuchumio.

Droni nasema mara moja. Ndani ya hifadhi zote za taifa imekatazwa kuirusha na kuitua tangu 2014. Na Washington yenyewe, hata ukiwa kwenye ua wa nyumba ya shangazi yako, uko ndani ya mzunguko wa maili 15 ambamo droni hairuki bila idhini maalumu ya usalama wa anga, na idhini hiyo haitolewi kwa ajili ya shela. Kijana akikwambia "nitairusha dakika mbili tu", mwondolee betri.

La mwisho ni la wale wanaomleta mpiga picha wao kutoka Dar au Nairobi. Kibali cha hifadhi, au kutohitaji kibali, hakimpi mtu haki ya kufanya kazi nchini. Aliyeingia kwa viza ya matembezi haruhusiwi kazi ya kulipwa hapa. Mlete ale biriani na acheze.

Mlinzi akija

Shusha kamera, msalimie kwanza. Mwambie jina lako, mko wangapi, mtaondoka saa ngapi. Akikuambia sogea, sogea, kisha ndipo uulize ni kanuni ipi, kwa sauti ya chini, mbali na wazee. Mimi nina sentensi moja nimeikariri kwa Kiingereza: tuko saba, vifaa vya mkono, hatujafunga njia, tutamaliza saa moja na nusu. Mara nyingi anatabasamu, anawatakia maharusi heri, anaondoka.

Saba, nasema, kwa sababu siku hizi ile nafasi ya nane naiacha wazi. Daima kuna mjomba anayetokea nyuma ya mti.